Sanduku la bastola lililokodishwa kwa siku mbili

Saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi amepiga magoti kwenye chumba cha kulala cha mtu asiyemfahamu vizuri, drili mkononi, nyusi zimejaa vumbi jeupe la saruji. Mbele yake kuna sanduku la chuma lenye ukubwa wa televisheni ndogo. Ametoboa ukuta mara nne, amepitisha bolti nne kutokea ndani ya sanduku, na sasa anazikaza moja baada ya nyingine huku akihema.

Mwenye nyumba, dalali wa magari, amesimama mlangoni akiangalia saa.

“Fundi, mimi nilitaka uniletee tu. Kufunga ningefunga mwenyewe.”

“Usingefunga,” fundi anamjibu bila kugeuka.

Akimaliza, hadai chake kwanza. Anamwomba yule bwana alisukume sanduku kwa nguvu zake zote. Dalali anacheka na kulisukuma kwa mguu. Halitikisiki. Fundi anamwomba arudie, safari hii kwa bega. Kisha anamuuliza swali ambalo wateja wengi hawalipendi: nani mwingine anaishi humu?

“Hilo nalo ni la fundi?”

“Kwangu mimi ni la fundi.”

Dalali anajibu. Mke, binti wa miaka kumi na sita, na shemeji anayekuja na kuondoka. Fundi anamwambia funguo zisikae kwenye droo wala juu ya kabati. Zikae mwilini mwake, hata akienda kuoga.

Mtaani kwao wanamwita Kufuli. Ana miaka hamsini na mbili, mwili mkavu, na mikono yenye madoa madogo ya cheche ambayo hayatoki tena. Amechomelea kwa miaka ishirini na sita: mageti, madirisha, vitanda vya shule za bweni. Masanduku ya kuhifadhia silaha aliyaanza miaka minane iliyopita, kwa kuwa yeye mwenyewe alihitaji moja.

Mwaka ule watu watatu waliingia karakanani kwake mchana, mvua ikinyesha, mtaa mzima umejificha ndani. Walimfunga mikono kwa waya wa mashine yake mwenyewe, wakaondoka na mashine zote mbili za kuchomelea. Kwa miezi minne alifanya kazi kwa mashine za kuazima, na alichopata kiliishia kwa wenye mashine. Ndipo akaomba leseni ya kumiliki bastola.

Ilimchukua miezi saba. Alipimwa na daktari, akahudhuria mafunzo siku tano, akatafuta wadhamini wawili, akachukuliwa alama za vidole. Mwisho kabisa akatembelewa nyumbani na mkaguzi aliyetaka kuona sanduku la chuma.

“Nilinung'unika kila hatua,” anasema. “Nikasema hawa watu wanatusumbua sisi tunaofuata taratibu, wakati walionifunga waya hawakujaza fomu yoyote. Niliiona sheria kama kero. Sikuiona kama kitu kilichowekwa na mtu aliyefikiri.”

Sanduku lake alilitengeneza kwa chuma cha milimita nne na kulifunga barabara. Wenye leseni wengine wakaliona, wakaja kuagiza. Lakini chuma kilikuwa ghali, na wapo waliokuwa wametumia kila walichokuwa nacho kununua silaha yenyewe. Mmoja akamwomba kitu kidogo tu: amwazime sanduku siku ya ukaguzi, kisha alirudishe.

Fundi akakubali, akampa lingine lililokuwa karakanani. Wa pili alipokuja, akatoza. Kukodi sanduku kwa siku mbili kulikuwa sawa na bei ya mfuko mmoja wa saruji.

Biashara ikawa na jina lake. Sanduku lile lililokuwa likizunguka alilipaka rangi mpya kila mara, na vijana wa karakana wakaliita Bibi Harusi, kwa kuwa lilipambwa, likapelekwa nyumbani kwa mtu, likatazamwa na mgeni rasmi, na kesho yake likawa limeshapewa talaka. Watu walicheka sana karakanani. Mkaguzi mwenyewe alikuwa akiingia, anaangalia, anaweka alama kwenye karatasi, anaondoka.

“Aliangalia. Hakusukuma,” anasema fundi. “Angelisukuma hata kwa kidole lingeteleza, maana lilikuwa limesimama tu pale kama kiti.”

Mke wake, mwalimu wa shule ya msingi, anakumbuka jioni aliyomuuliza habari za sanduku lile. “Nilimwambia, baba watoto, hawa watu bastola zao wanaziweka wapi ukishachukua sanduku lako? Akaniambia wao ni watu wazima. Niliuliza mara moja tu, na hilo ndilo ninalojilaumu.”

Katika miaka mitatu, Bibi Harusi aliolewa mara kumi. Mume wa kumi alikuwa mfamasia wa mtaa wa pili.

Mfamasia huyo si mtu wa fujo. Alifunga duka la dawa kila siku akiwa na pesa za mauzo mfukoni, na aliwahi kufuatwa. Alikodi sanduku siku mbili, akapita ukaguzi, akalirudisha limefutwa vumbi. Bastola akaiweka kwenye kabati la nguo, chini ya mashuka, ikiwa na risasi ndani.

Nyumbani kwake aliishi pia baba yake, mpimaji ardhi mstaafu wa miaka sabini na tisa, ambaye kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumkimbia. Siku nyingine alimjua kila mtu. Siku nyingine aliuliza lini atarudishwa kwake, naye ameketi kwake.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Mke wa mfamasia, ambaye ni msusi na ana saluni kwenye chumba cha mbele cha nyumba hiyo, alitoka uani kuanua taulo. Mzee alikuwa akisikia baridi, akaingia chumbani kwa mwanawe kutafuta sweta. Alipofunua mashuka akaikuta bastola. Mkwe wake alipoingia kwa mlango wa nyuma, beseni la taulo limemfunika uso, mzee aliona mtu asiyemjua akiingia nyumbani kwake. Akampigia kelele asimame. Mama wa watu akacheka, akidhani ni mzaha wa kawaida wa mkwe wake, akaendelea kuja.

Risasi moja ilivunja mfupa wa paja juu kidogo ya goti. Alilala hospitali wiki saba na kupasuliwa mara tatu.

Fundi alipata habari kesho yake, akiwa dukani akinunua vijiti vya kuchomelea. Watu walikuwa wanazungumza, yeye akalipa, akasahau chenji. Alipofika karakanani, sanduku lilikuwa limesimama palepale, rangi haijakauka, likimsubiri mteja wa kumi na moja.

“Nililitazama,” anasema. “Langu mimi nyumbani lilikuwa na bolti nne. Kwa hiyo nilijua. Mtu asinitetee kwamba sikujua.”

Fundi alimrudisha mteja huyo wa kumi na moja siku hiyohiyo. Ila hakumwambia mtu yeyote kwa nini. Polisi walipomuuliza mfamasia liko wapi sanduku lililoandikwa kwenye ripoti ya ukaguzi, alisema aliliuza. Hakumtaja fundi, naye fundi hakujitaja. Siku thelathini na sita zilipita hivyo.

Katika siku hizo, yeye na mkewe walikwenda hospitali kumjulia hali mgonjwa, kama majirani wengine. Walimkuta mguu umening'inizwa. Mgonjwa alimshika fundi mkono akasema, “Ahsante kwa kuja, kaka. Wengine wanaogopa hata kuniangalia.”

Waliporudi, mkewe alimsimamisha getini. “Amekushukuru,” akamwambia. “Utaishi nayo hiyo?”

Asubuhi iliyofuata alikwenda kituo cha polisi na lile sanduku kwenye mkokoteni. Askari wa zamu alidhani amekuja kuripoti wizi.

“Umeibiwa nini, fundi?”

“Sijaibiwa. Nimekuja kusema nilichofanya.”

Aliandikisha maelezo kwa muda wa saa tatu na kutaja majina yote kumi. Mahakama ilimtoza faini iliyomla akiba na pikipiki. Leseni yake ilisimamishwa miaka mitatu, na bastola yake akaisalimisha. Mfamasia alipata kifungo cha nje na kupigwa marufuku kumiliki silaha maisha. Waliotajwa wengine waliandikiwa barua za kuonywa, na baadhi yao hawamsalimii mpaka leo.

Mfamasia naye alimpigia simu mara moja tu baada ya hukumu. Alimwambia, “Nilifunga mdomo kwa ajili yako. Wewe ukaenda ukanichoma.” Fundi anakubali kwamba ni kweli.

Hata hivyo, hajageuka kuwa mpinzani wa silaha, na anakerwa na wanaotaka aseme hivyo. Anaamini mtu aliyewahi kufungwa waya ana haki ya kutaka kujilinda. Anachopinga ni tabia ya kuiona leseni kama mtihani wa siku moja: ukishafaulu, unafunga madaftari.

“Mkaguzi anakuja kwa miadi. Nani hafagii nyumba akijua mgeni anakuja? Waje baada ya miezi sita, bila taarifa, na wasukume,” anasema. “Na ile fomu inauliza akili ya mwenye bastola. Haiulizi nani mwingine yumo ndani. Mfamasia akili zake zilikuwa timamu. Hakuna aliyeuliza habari za mzee.”

Ameyaandika hayo kwenye barua mbili kwa ofisi ya leseni. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa.

Katika saluni ya chumba cha mbele, msusi amekaa kwenye kiti kirefu cha chuma chenye magurudumu na pa kuegemeza mguu. Mkongojo umelazwa kando. Kabla ya kuumia alikuwa akisuka vichwa vinne kwa siku. Sasa akijitahidi ni viwili, maana maumivu humpanda hadi kiunoni.

Kiti alikitengeneza fundi. Alikileta mwenyewe mwaka jana, akakaa uani saa nzima kabla ya kuambiwa aingie.

“Nilimwambia kitu kimoja,” anasema msusi, vidole vikiendelea na kazi. “Kiti nitakikalia kwa sababu mgongo unaniuma. Usidhani tumemalizana.”

Je, amemsamehe? Anachambua nywele, anachana upya sehemu aliyokwisha kuichana.

“Kwenda kusema alikwenda mwenyewe, hilo ninampa. Mume wangu bado anasema ilikuwa bahati mbaya. Fundi hasemi bahati mbaya. Anasema ni yeye. Kuna siku hilo linanisaidia, na kuna siku namwona akipita nje, nasema, kwa bei ya mfuko wa saruji.”

Mlango wa ndani unafunguka. Mzee anaingia taratibu, sweta limefungwa vifungo vyote, anamtazama mkwe wake kwa huruma.

“Mama, mguu umefanya nini?”

“Nilianguka, baba.”

“Pole sana. Uwe unaangalia unapokanyaga.”

“Nitaangalia, baba.”

Mzee anatikisa kichwa na kurudi ndani. Huuliza hivyo karibu kila siku, anaeleza msusi, na kila siku huambiwa alianguka. Daktari alisema wakimweleza ukweli ataumia upya kila asubuhi. Kwa hiyo ameamua yeye ndiye atakayeubeba ukweli huo.

Fundi anajua habari hiyo. Ukimtajia, huinamisha macho, hushika chochote kilicho karibu na kuanza kukisugua kutu.

Tangu hukumu, ametembea nyumba kwa nyumba kuwatafuta wale tisa wengine. Kwa kila mmoja hutengeneza sanduku bila malipo, hulifunga ukutani mwenyewe na kumwambia mwenye nyumba alisukume. Mmoja alimfukuza mara tatu na kumfungulia ya nne. Mwingine alitoa bastola kutoka ndani ya kopo la biskuti jikoni, akacheka kwa aibu, kisha akaacha kucheka. Amezimaliza nyumba nane.

Aliyebaki alihama mwaka mmoja kabla ya tukio. Simu yake haipatikani. Alipomkodisha, fundi anakumbuka, alikuja na mkewe, na mkewe alikuwa mjamzito. Alipiga hesabu ya umri wa mtoto huyo, na tangu hapo usingizi wake si mzuri.

Ofisi ya leseni ilikataa kumpa anwani, ikisema taarifa za raia ni siri. Haipingi sheria hiyo. “Ni sheria nzuri,” anasema. “Sina ugomvi na sheria tena. Nimewaandikia kwamba basi waende wao. Wasimtaje fundi, wasimtaje mtu. Wakasukume tu.”

Mwakani atastahili kuomba leseni upya. Hajaamua kama ataomba. Mkewe anasema asiombe. Yeye anasema kwanza akimalize alichokianzisha, halafu ndiyo atajua kama anafaa.

Juu ya rafu ya karakana, mbali na cheche, kuna sanduku moja lililokamilika ambalo haliuzwi. Lina rangi ya kijivu, na mfuko wa nailoni wenye bolti nne umebandikwa juu ya mlango wake. Wiki iliyopita mteja alilitaka hilohilo na kuongeza dau, akiwa na haraka ya ukaguzi. Fundi alimwambia lina mwenyewe.

“Yuko wapi?” mteja akauliza.

“Namtafuta,” fundi akamjibu, akamwomba avumilie siku tatu amtengenezee lingine.