Shikamoo Golini

Siku ya kwanza kazini nilifika nimevaa suti na tai. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba msaidizi wa kocha wa chuo huvaa bukta na kofia, na joto la Doha halijali umevaa nini. Kocha Mkuu, mtu wa Afrika Kaskazini mwenye kifua kipana na maneno machache, alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akauliza, "Mwalimu, umekuja kazini au umekuja kuposa?" Wachezaji walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Tangu siku hiyo aliniita Mwalimu nami nikamwita Kocha, na alilosema ndilo lililokuwa. Nililelewa Voi, na kwetu mkubwa hajibiwi.

Nilikuwa kweli mwalimu. Nilifundisha michezo nyumbani, kisha katika shule moja ya Muaither hapa Qatar, ndipo chuo hiki cha Al Rayyan kikanichukua. Kwanza nilipewa mipira na koni. Baadaye nikapewa mabeki, maana ujanani nilicheza beki wa kushoto na bado goti linanikumbusha. Mwishowe nikapewa kazi niliyoipenda kuliko zote, ya kuwapeleleza wapinzani. Unakwenda kutazama timu mtakayocheza nayo, unarudi na jibu la swali moja tu: ukuta wao unavujia wapi?

Nyinyi vijana mna kompyuta inayowachorea kila hatua ya kila beki. Nami niliitumia, sina ugomvi nayo. Lakini nawaambia mambo mawili niliyoyafuata maisha yangu yote. La kwanza, fika mapema, uwatazame wanavyosalimiana na kupasha misuli moto. La pili, mpira ukikaribia goli, usiutazame mpira. Tazama nani anasema na nani anamsikiliza. Mabeki wanaocheza mtego wa kuotea, yaani wanaopanda mbele kwa pamoja ili mshambuliaji abaki nyuma yao peke yake, wanaishi kwa sauti. Sauti ikikosekana, ukuta hauna saruji.

Halafu kuna kile nilichokiita uchochoro. Ni ile nafasi iliyo kati ya kipa na beki wa kati. Mpira ukidondoka pale ni wa wote wawili, na mali ya wawili ina matata. Kipa ndiye anayeona uwanja mzima, kwa hiyo ni lazima apige kelele: "Yangu!" au "Ondoa!" Akinyamaza, wanagongana au wanaachiana.

Mwaka ninaotaka kuusimulia tuliingia fainali ya vyuo. Mkurugenzi wa Michezo aliniita ofisini, akanifungulia kopo la soda, nami nikajua habari si nzuri. Alisema chuo kinapunguza nafasi za kazi. "Mkichukua kombe, nina cha kusema juu yako. Mkilikosa, Mwalimu, sina." Hakuwa mtu mbaya, aliniambia mapema ili nijipange. Lakini kibali changu cha kuishi hapa kilitegemea kazi hiyo, na kibali cha binti yangu Wakesho kilitegemea changu. Wakesho alikuwa katikati ya masomo yake ya uuguzi. Nikirudishwa mimi, amerudishwa na yeye, na masomo yamekatikia njiani.

Basi nikaenda kuwatazama wapinzani wetu, chuo kimoja cha upande wa West Bay, wakicheza nusu fainali. Walikuwa hawajafungwa kwa muda mrefu. Nilifika kabla hata nyasi hazijamwagiwa maji. Beki wao wa kati, Hamisi, aliingia akitoka kazini. Alikuwa mtu mzima, mhudumu wa wagonjwa aliyekuwa akijiendeleza kimasomo. Kipa, Rashidi, kijana mrefu kama mlingoti, alipomwona tu alikimbia, akainama kidogo, akampokea begi.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Kwa lafudhi hiyo ni watu wa Kwale, nikasema moyoni. Baadaye niliambiwa na wenzetu kwamba Hamisi ndiye aliyemleta Rashidi Doha, na kwamba waliishi chumba kimoja.

Mchezo ulipoanza, Rashidi aliwafokea mabeki wengine bila haya. Aliwapanga kama viti vya harusini. Lakini mpira wa kwanza ulipodondoka uchochoroni, kati yake na Hamisi, alinyamaza. Alisubiri baba yake mdogo aamue. Hamisi naye alisubiri sauti, haikuja, akageuka akauokoa kwa kisigino. Ikatokea tena kipindi cha pili, wakaponea chupuchupu. Kila mtu alidhani ni bahati mbaya. Mimi niliyelelewa vilevile nilielewa. Kijana yule hakuweza kumwamrisha mzazi wake mbele za watu.

Nilifurahi, kisha nikaionea haya furaha yangu. Nyumbani nilimweleza Wakesho tulipokuwa tukila.

"Kwa hivyo, baba, utamwadhibu mtoto wa watu kwa sababu ana adabu?"

"Ni mpira tu, mama."

"Na sisi tukifungasha virago, itakuwa ni mpira tu?"

Niliinamia sahani. Alinionea huruma, akaniongeza mchuzi.

Kesho yake nilimpelekea Kocha Mkuu taarifa. Yeye hakupenda maelezo marefu. "Mwalimu, sitaki hadithi. Nataka mlango."

"Mlango uko kati ya kipa na beki wa kati, Kocha. Tupige mipira mirefu, idondoke pale. Kipa hatamwita."

"Kwa nini?"

"Beki ni baba yake mdogo."

Akasugua kidevu. "Wallahi, hata mimi nisingeweza," akasema. Kisha akapiga makofi. "Yalla. Haya, tutapiga hapo."

Siku ya fainali nilisimama nyuma ya goli lao, mahali pangu pa kazi. Hatukungoja sana. Mpira mrefu ulidondoka uchochoroni, Rashidi akatoka kimya, Hamisi akarudi mbio, wakagongana vibaya na wote wawili wakaanguka. Mshambuliaji wetu aliusukuma wavuni akitembea. Benchi letu lilirukaruka. Mimi nilianza kushangilia, nikamwona yule kijana amelala kifudifudi anapigapiga nyasi kwa ngumi, na mikono yangu ikashuka yenyewe.

Hamisi alimwinua, akamfuta majani usoni. Niliyasikia maneno yao yote.

"Rashidi, hapa mimi si baba yako mdogo. Mimi ni beki wako. Nifokee kama unavyowafokea wale."

"Siwezi, baba mdogo."

"Utaweza. Niite jina langu. Heshima tutapeana nyumbani."

Kipindi cha pili nilirudi kukaa benchi. Mpira mrefu wa kwanza ukapaa, na kutoka golini kwao ikatoka sauti iliyokwaruza kama ya mtu mwenye mafua: "Hamisi, acha! Yangu!" Hamisi akapisha mara moja. Rashidi akaudaka. Uliofuata sauti ilikuwa imenyooka, na wa tatu ilikuwa ya jemadari. Mlango niliouona mimi ulikuwa umefungwa, tena kwa komeo. Sisi tukaendelea kuubisha kwa mipira ileile, wao wakapata nguvu, wakasawazisha.

Kocha Mkuu hakuruhusu mtu kumsemesha mchezo ukiendelea. Wasaidizi wote tulijua hilo, nami kwa miaka yote nilikuwa wa kwanza kulitii. Lakini nilikuwa nimeona jambo. Kipa aliyepata sauti ameipenda: sasa anatoka golini mapema kila anapoona mguu wetu umeinuliwa. Nilimwaza Wakesho na sare zake alizozipiga pasi asubuhi ile. Nilimwaza pia Rashidi, aliyemwita mzazi wake jina mbele ya umati kwa sababu kazi ilidai hivyo. Nikasimama.

"Kocha! Mlango umefungwa! Acha kuubisha!"

Benchi zima likanigeukia. Aligeuka polepole, mishipa ya shingo imemtoka. "Umesema nini?"

"Nimesema acha. Kipa anatoka mapema. Wafanye kama wanapiga mrefu, wampe winga, winga apige goli likiwa wazi."

Alinikazia macho mpaka nikajiona uwanja wa ndege na masanduku yangu. Halafu akasogea pembeni ya mstari, akanionyesha uwanja kwa kiganja. "Yalla. Waambie wewe."

Niliwaambia. Mara ya kwanza winga alipaisha. Mara ya pili Rashidi alikuwa amefika nje ya boksi lake, na mpira ukapita juu ya kichwa chake taratibu mpaka wavuni. Tukachukua kombe. Kocha Mkuu alinikumbatia, akaninong'oneza, "Mwalimu, miaka yote hii ulikuwa wapi?"

Nilikuwa nakusanya koni Hamisi alipokuja na Rashidi, macho ya kijana yamevimba. "Rashidi, huyu ndiye Mwalimu wa Voi tuliyekuwa tukiambiwa habari zake. Mwamkie."

Akainama kidogo, vilevile. "Shikamoo, Mwalimu."

Nimeitikia salamu hiyo maisha yangu yote bila kufikiri. Siku ile niliziweka koni chini kwanza. "Marahaba, mwanangu," nikasema mwishowe, na nikamweleza mwenyewe nilivyouona uchochoro wao. Alisikiliza hadi mwisho.

"Basi kufokea nitafokea," akasema. "Lakini kuamkia siachi."

Nafasi yangu ilibaki hadi nilipostaafu. Wakesho alimaliza masomo, sasa ni muuguzi, na ni mimi ninayeishi hapa Muaither kwa kibali kinachomtegemea yeye. Hunikumbusha hivyo kila ninapokataa kumeza dawa. Vijana huniuliza kazi ilinifunza nini. Nilikwenda kutafuta udhaifu wa watu, nikaukuta umekaa palepale penye wema wao. Heshima si utumwa, wahenga walisema, lakini mimi nilihitaji kijana wa timu pinzani anionyeshe.

Rashidi siku hizi anafundisha makipa pale chuoni kwetu. Jioni hali ya hewa ikiwa nzuri huenda kumtazama, na kwa mazoea nasimama nyuma ya goli. "Mwalimu, ondoka hapo, utapigwa na mpira!" hunifokea mbele ya watu wote. Nami huondoka upesi, nikaketi kwenye benchi, nikangoja mazoezi yaishe aje kuniamkia.