Viatu vya Tenisi Alivyonichagulia Mama

Belo la viatu vya mitumba linapokatwa kamba, hutoka harufu ya mpira, vumbi na jasho la watu usiowajua. Wengine huziba pua, lakini kwangu hiyo ni harufu ya mama. Alikuwa akiuza nguo na viatu vya watoto kwenye kibanda cha mabati pale Mwiki, Ruiru, nilikokulia. Watu walisema ana jicho. Jirani aliyetaka viatu vya harusi hakwenda sokoni bila Mama Shiko. Mama angekunja soli, abonyeze kisigino, anuse ndani, kisha aseme, "Wacha hiki, kimepigwa gundi," na muuzaji asibishe. Shule hakuendelea nayo sana, nyumba tulikuwa tumepanga, na baba alikuwa ameshatuacha. Jicho hilo ndilo lililokuwa fahari yake.

Nilipokuwa darasa la saba nilikuwa hodari wa tenisi, tena mwenye maringo. Tulijifunza kwenye uwanja wa saruji nyuma ya kanisa moja kule Mugutha, chini ya mwalimu mstaafu tuliyemwita Mwalimu Njoroge. Nilipoteuliwa kwenda Thika kushindania nafasi katika timu ya kaunti, alimwita mama akamweleza viatu vinavyofaa. Soli iwe bapa, isiinuke nyuma kama ya viatu vya kukimbia, kwa sababu mchezaji hukimbia upande upande na soli nene humpindua kifundo. Ubavu uwe mgumu. Mbele ya vidole ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Mama alisikiliza kama mtu anayepewa maagizo ya dawa.

Mabelo yalifunguliwa alfajiri, siku za shule, kwa hivyo kwetu mtoto hakupelekwa kujaribu viatu. Ulipelekwa urefu wa mguu wake. Mama alichomoa njiti kwenye ufagio, akanisimamisha sakafuni, akailaza kando ya wayo wangu na kuivunja penye ncha ya kidole kikubwa. Hapo ndipo nilipotenda kosa ambalo sijalimaliza hadi leo. Miguu yangu ilishinda ya wavulana wote darasani, na wasichana wenzangu waliniita Shiko Lori. Nilikuwa nimeapa kwamba sitavaa tena viatu vya namba ya mzee. Basi nikakunja vidole ndani ya soksi.

"Haiya! Huu mguu umeacha kukua?" mama akasema huku akicheka, akaifunga njiti kwenye leso yake.

Siku iliyofuata alifika Thika kabla ya jua kutoka ili apate kamera, lile chaguo la kwanza kabla mikono mingine haijagusa mzigo. Alirudi na viatu vyeupe, soli bapa ya rangi ya asali, ubavu imara, havina hata mkwaruzo. Nilivivaa, nikakunja vidole tena, nikasema vimenitosha. Mama alipiga makofi. Kisha akaviweka juu ya kabati, kwa kuwa kitu kipya kwetu ni cha kutokea, na mazoezi nikaendelea kuyafanya kwa raba zangu kuukuu. Hivyo mara ya kwanza kucheza na viatu vile ikawa siku yenyewe.

Seti ya kwanza nilishinda kwa ukali tu. Katika ya pili kila nilipofunga breki vidole viligonga mbele, na nikaanza kuiacha mipira ya pembeni ambayo siku nyingine ningeifikia nikiimba. Mficha maradhi kilio humfichua; kitambaa cheupe cha viatu kikaanza kuwa chekundu. Nilishindwa na msichana ambaye nilijua namzidi. Mama aliingia uwanjani, akapiga magoti, akanivua viatu. Kucha mbili zilikuwa zimeng'oka.

"Ngai! Mami, nimekuumiza," alisema, kwa jina alilozoea kunibembelezea. "Niliangalia nini mimi?"

"Mama Shiko, viatu vya uwanjani mtoto lazima ajaribu mwenyewe," Mwalimu Njoroge akasema mbele ya wazazi wote. Mama akainamisha kichwa, akajibu, "Ni kweli, Mwalimu." Nilikuwa na mdomo. Ningesema neno moja tu. Nilililia kushindwa kwangu, nikamwacha abebe lawama pamoja na mkoba wangu.

Tangu hapo majirani wakija kumwomba awasindikize sokoni alikataa, eti macho yamechoka. Kabla mwaka haujaisha alifunga kibanda akaanza kuuza sukuma wiki. Alisema mboga haina namba. Watu walicheka, naye akacheka pia, na mimi nikaenda nje.

Siku hizi nacheza pickleball kila Jumamosi hapa Ruiru, kwa kibao na mpira wa plastiki wenye matundu. Wenzangu hujaribu jozi tano dukani, wakirukaruka mbele ya kioo, na muuzaji haendi popote hadi waridhike. Huwaambia waende alasiri miguu ikiwa imevimba kidogo, wavae soksi za kuchezea, wasihadaiwe na viatu vya kukimbia. Nataja namba yangu, arobaini na tatu, kwa sauti, na hakuna anayegeuka. Aibu iliyonigharimu mama yangu haina thamani yoyote sasa, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka jana, alipokuwa amelazwa na madaktari wametuambia tukae karibu, nilimshika mkono nikaanza, "Mama, vile viatu vya Thika..." Hakuniacha nimalize. Macho yalimjaa machozi. "Bado vinakuuma, mami? Nisamehe. Nilitaka upate vizuri." Nikatazama uso ule uliochoka, maneno yote yakiwa tayari kinywani, nikamwambia, "Nilishakusamehe, mama."