Karte Kubwa Nilimupa, ya Muzuri Nikabakia Nayo

Admin, tafazali uchunge jina yangu, huku Kapata batu banajuana. Niko mwanaume wa miaka makumi mbili na munane, sina muke, niko na kachumba ka jeux, ile michezo ya video: ordinatere moja (kompyuta), bijana banakuya kucheza match. Munaweza kunitukana, lakini musome kwanza mupaka mwisho.

Mi na rafiki yangu, nitamuita Gode, tulikuwa tunachimba kobalti pamoja. Alafu mine ya kampuni ikapanuka, batu ba kartie yetu, mutaa muzima, tukafukuzwa, mashini zikavunja nyumba. Yeye alihamia Fungurume na muke yake, mi nikapata chumba Kapata. Mbele ya kuachana tulikata neno: hakuna kurudia mu shimo, kila mutu afungue chumba ya jeux. Ordinatere za zamani tulikuwa nazo. Ilibakia tu carte graphique, kile kipande cha ndani chenye kufanya picha ya jeux itembee bila kukwama. Gode hajui bile bitu. Aliniambia, "Weye njo unajua. Enda Lubumbashi, utuchagulie mbili."

Muuzishaji alikuwa na mbili tu zenye feza yetu iliweza. Moja kubwa, yenye picha ya ajabu, lakini ilishatumika mingi. Ingine kadogo, mupya, picha yake ya kawaida. Nilizijaribu zote kwake. Ile kubwa, kisha ya nusu saa, ikapata moto, ekran ikajaa mistari, mashini ikazimika. Muuzishaji akasema, "Ukicheza kidogo kidogo, haina neno." Lakini mu chumba ya jeux banacheza tangu asubui mupaka mangaribi, na ile nilijua muzuri.

Ningeweza kungoya na kutafuta ingine. Nilikuwa na haraka ya kufungua. Nilinunua zote mbili, na ile kubwa nikamupelekea Gode. Akashangaa, "Unanipa kubwa, weye unabakia na kadogo?" Nikajibu, "Weye uko na muke." Ile jibu njo inanipa haya kupita yote. Alienda mupaka kwa mama yangu kumuelezea vile niko na roho muzuri.

Karte yake haikumaliza mwezi. Alinitelefonia, nikamwambia ni courant, umeme ya Fungurume, njo iliiunguza. Akaamini. Akaniomba nikuye kuangalia, nikasema niko na kazi mingi. Bijana bakahamia kwa wengine, na muke yake alikuwa na mimba. Akarudia mu shimo. Udongo ukamwangukia. Balimutosha mu udongo akiwa muzima, lakini muguu moja balikata.

Nilienda kumuona ku hopitali. Nililia, na yeye njo alinituliza, "Nyamaza, tata, ni bahati yangu tu mubaya."  Na kale kadogo kangu kanatumika mupaka leo, hakajazimika hata mara moja.

Sasa muke yake amezaa mutoto mwanaume, na bamemupa jina yangu. Kwetu ndoyi si muchezo: mwenye jina anabeba mutoto mbele ya famili yote, na anakuwa baba wake wa pili. Siku ya Mungu, Jumapili hii, bananingoya. Jana Gode alinituma sauti ku telefone, "Kuya, ndugu yangu. Ninataka huyu mutoto akuwe na roho sawa yako."

 Batata na bamama munaosoma hapa, munipe akili. Nimwambie kwanza, mbele ya kubeba mutoto, ao nimubebe na ninyamaze?