Barua za Mjomba Zilizonywewa

Asubuhi ile nilitoka Msambweni bila kuaga wala kujua niendako. Mfukoni nilikuwa na nishani ya marehemu mjomba wangu, basi. Barua zake zilikuwa zimeshanywewa.

Mjomba alikuwa askari wa Keya, jeshi la mfalme wa Uingereza. Alipelekwa kupigana Bama, mbele ya Bara Hindi, katika vita vya wazungu, na huko huko akafa. Alipokuwa hai alimwandikia mama yake, yaani bibi yangu, kwa Kiswahili lakini kwa herufi za Kiarabu alizojifunza chuoni kwa mwalimu wa Kurani, maana nyingine hakuzijua. Bibi alinipa nimsomee moja moja, kila Idi barua moja, ili zisiishe upesi. Kwetu Wadigo cha mjomba ni cha mpwa, kwa hiyo bibi alipofariki sanduku lenye barua na nishani yake likawa langu. Mama mdogo alinitunzia, kwani mimi skuli niliiacha mapema na miguu yangu haijui kutulia.

Mwaka ule wa uhuru na bendera mpya nilirudi kulichukua. Ndani nikakuta nishani peke yake.

"Barua ziko wapi?" nilimwuliza mume wa mama mdogo.

"Mama yako mdogo alishikwa na homa. Nikazitia kwenye bakuli la maji, wino ukatoka, akanywa. Kombe."

Kombe ni aya za Kurani zinazoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Yule bwana hajui kusoma. Aliona Kiarabu, akadhani Kurani.

"Baba, zile zilikuwa barua za vita!"

"Herufi za Mungu ni herufi za Mungu."

"Katika moja mjomba anamtukana sajini wake pamoja na mama wa sajini. Umemnywesha mke wako matusi!"

"Ndiyo maana homa ilikimbia," akasema, akacheka. Mama mdogo naye akacheka, mzima kabisa, anakuna nazi. "Si amepona?" mumewe akaendelea. "Unalilia karatasi au mtu?"

Nikaitia nishani mfukoni, nikatoka. Serikali ya mfalme ilimchukua mtu, ikatuletea kipande cha chuma. Kilichobaki cha mtu mwenyewe kilikuwa maneno yake, na maneno hayo tukayanywa sisi wenyewe, tukasema alhamdulillahi.

Nikashika njia ya kusini. Nilipanda lori la miwa, nikashuka, nikatembea, huku nikiirudiarudia kwa hasira barua niliyoikumbuka vizuri, nisije nikaangusha neno: "Mama, mvua ya huku haina adabu, inaingia bila hodi. Jana niliota muhogo wako wa nazi, nikaamshwa kabla sijanawa mikono."

Alasiri nikafika Majoreni, mahali nisipomjua mtu. Mama mmoja aliyekuwa akianika samaki wa ng'onda aliitikia shikamoo yangu, akakubali kunikodisha chumba cha uani.

"Mwanangu, unanung'unika nini tangu hapo mlangoni?"

Nikamweleza yote. Hakucheka. Nikamwomba kipande cha mkaa na ruhusa ya kuandika ukutani.

"Andika," alisema. "Lakini kwa herufi za skuli. Ukiandika za chuoni, majirani watanikwangulia ukuta, wainywe nyumba yangu."

Nikaandika kwa herufi za skuli, nikikandamiza mpaka mkaa ukakatika. Nikaomba mwingine.