Mkono wa Theonest Kwenye Kinanda

Theonest alikuwa karani wa ofisi moja ya mjini, na ndiye aliyepiga kinanda cha kukanyaga katika kigango chetu cha Temeke miaka ile ya hamsini. Nasema alipiga, sie wanakwaya kazi yetu ilikuwa kumngoja. Kila alipobadili sauti aliunyanyua mkono mzima juu, akautazama ukishuka, na vidole vitatu vilevile vikatafuta pa kutua. Kati ya “Mungu” na “Baba” mtu aliweza kukohoa akamaliza.

Mkewe Demetria alifundishwa kinanda na masista kwao Bukoba. Siku moja ya mazoezi alimwambia taratibu, “Baba Koku, ukitoka do-mi-so, fa-la-do usiifuate kule juu. Gumba libaki palepale kwenye do. Cha kati kisogee fa, cha mwisho la. Mkono utapumzika.”

“Hivyo ndivyo wapigavyo watoto,” akajibu Theonest bila kugeuka. “Watu lazima wauone mkono.”

Tuliuona. Sikukuu ya somo wa kigango, mtakatifu wetu msimamizi, alikuja padre mgeni, na Theonest akavaa koti jipya lililompwaya. Ubeti wa pili mkono uliruka, koti likanasa, vidole vikaangukia pembeni, kinanda kikalia kama mbuzi aliyekanyagwa. Tekla, kiongozi wetu, akaendelea kuimba nasi tukamfuata. Theonest hakukubali kuacha. Alimaliza wimbo wake peke yake, sie tumeshaketi.

Akasema panya wamekiharibu kinanda. Kisha kila alasiri akawa anajifungia kanisani na Demetria, na kwa akili zake akasahau kufunga dirisha. Tulisikia yote: “Gumba, Baba Koku. Gumba.”

Kufika Pasaka alipiga vizuri, hilo simnyimi. Padre alipomsifu, alijibu kwamba njia ile ameigundua mwenyewe, kwa kuchunguza maumbile ya mkono wa binadamu. Akaalikwa kuwafundisha wapiga kinanda wa Mbagala. Akamchukua mkewe awe mfano wa mwanafunzi asiyejua kitu.

“Mama Koku, keti, uwaonyeshe makosa,” akamwamuru mbele ya watu.

Demetria akaketi, akapiga wimbo mzima bila kosa. Kisha akawaita wale wageni mmoja mmoja, akawashika vidole na kuwaelekeza. Theonest akasimama nyuma, akitikisa kichwa kama mkaguzi.

Mwaka uliofuata watu wa Mbagala walituma mjumbe kumwomba Mwalimu Demetria arudi. Theonest alimwambia mjumbe kwamba amekosea jina.