Jina la Elinaja

Wenzake kazini walipomuuliza kilichomtoa Moshi, Aikaeli Mmari aliwajibu kama kila mtu anavyojibu: kazi. Katika nyumba ya kutunzia wazee kule kaskazini mwa Landani hakuna aliyetaka maelezo zaidi, maana kila mmoja alikuwa na yake. Cosmas wa jikoni aliondoka kwao baada ya kugombana na kaka zake juu ya shamba la migomba. Shenaz wa mapokezi alimfuata mume, mume akamwacha, yeye akabaki. Wengine walikimbia kitu, wengine walitafuta kitu. Aikaeli alikuwa anamtafuta mtu.

Aliyeujua ukweli ni Bibi Pushpa peke yake, mzee wa miaka themanini na nane aliyekuwa akilala chumba cha mwisho ghorofa ya kwanza. Alizaliwa Arusha, akahamia Uingereza na mumewe baada ya nyumba yao ya kupangisha kutaifishwa, na Kiswahili hakikumtoka. Asubuhi Aikaeli alipokuwa akimchana nywele walizungumza wawili tu, bila mtu kuwaelewa.

"Mimi nimlaumu nani?" Bibi Pushpa alimwambia siku moja. "Ilikuja karatasi yenye muhuri. Karatasi haina uso. Wewe binti una bahati, unamjua aliyekufanyia."

Ni kweli, alimjua vizuri. Walilala kitanda kimoja miaka minne.

Wakati huo hakuwa akiitwa Aikaeli. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Elinaja, na alisoma sekondari Moshi mjini akikaa kwa mama yake mkubwa. Haika, binti wa mama mkubwa, alimzidi miaka miwili, naye Elinaja akamwita dada kama ilivyo kwao. Haika alifeli kidato cha nne. Elinaja alifaulu mpaka cha sita, kisha akaandika maombi ya kusomea uuguzi Uingereza, kwa msaada wa mwalimu wake wa baiolojia, akatumia sanduku la posta la baba mkubwa. Aliyekuwa anakwenda kuchukua barua posta ni Haika.

Elinaja alisubiri barua hiyo mwaka mzima. Katikati ya mwaka huo Haika aliaga kwamba amepata kazi ya hoteli Nairobi. Vyeti vya Elinaja vilipokosekana kwenye sanduku la bati, mama mkubwa alisema labda vililiwa na mchwa. Baada ya miaka mitatu Elinaja alikwenda kuomba pasi ya kusafiria, na afisa akaitazama fomu yake kwa muda mrefu.

"Elinaja Mmari, tarehe hii hii ya kuzaliwa, tayari ana pasi," alimwambia. "Na amekwisha kusafiri. Wewe ni nani?"

Swali hilo lilimkalia rohoni miaka kumi na saba. Polisi walimhoji siku mbili kama mwizi. Mama mkubwa alipoulizwa alilia, akakiri kwamba Haika alisafiri kwa barua na vyeti vya Elinaja, kisha akapiga magoti: familia ingeaibika, na Haika alikuwa ameshaanza kutuma dawa za sukari za baba mkubwa. Mama yake mzazi akamwambia amsamehe dada yake. Kila mtu alikubaliana juu ya msamaha ule isipokuwa mwenye kusamehe. Elinaja akafagia wodi, akapanda hadi mhudumu wa wagonjwa, na mwisho, ili apate pasi, akaapa mbele ya wakili na kuchukua jina la bibi yake, Aikaeli. Nafasi za kutunza wazee Uingereza zilipofunguka, aliomba mara nne. Kila alipokataliwa hasira ilimwamsha mapema zaidi kuomba tena.

Landani ilimchukua miezi tisa kumpata Haika. Alimwona kwenye picha ya kamati ya harusi ya Watanzania, mwanamke mnene mwenye miwani, na chini yake pameandikwa Sista Elinaja Mmari. Aliisoma mara nyingi, akihisi kama anaangalia nguo yake imevaliwa na mwingine mpaka imepwaya. Akaulizia taratibu. Sista Elinaja ni muuguzi, anakaa Croydon, ana binti mmoja, na kanisani kwao wanamsifu kuwa mtu mwema sana. Hilo la wema ndilo lililomchoma zaidi.

Jumamosi moja mchana alipanda treni hadi Croydon, akachukua tramu, akabonyeza kengele. Mlango ulifunguliwa na msichana wa miaka kumi na sita hivi.

"Shikamoo," msichana alisema, kisha akageukia Kiingereza kumwita mama yake. Alikuwa Lila, binti wa Haika.

Haika alitokea akijifuta mikono. Alimtambua papo hapo, akamtuma Lila dukani na kuufunga mlango.

"Mdogo wangu," alianza.

"Niite jina langu."

"Karibu uketi kwanza, nikupe chai."

"Sikuja kunywa chai, dada Haika. Nataka Lila akirudi umwambie mimi ni nani na wewe ni nani. Halafu ukawaambie na hao wa kanisani. Ukifanya hivyo, mimi naondoka."

Haika alikaa yeye. Aliikunja taulo ya jikoni mara mbili. "Wewe ulikuwa na akili," alisema hatimaye. "Nilijua utapata njia nyingine. Mimi ile ilikuwa njia yangu pekee. Na kozi nilisoma mwenyewe. Wagonjwa niliowauguza nimewauguza mwenyewe."

"Kwa jina langu."

"Mama aliniambia, siku hizi jina lako ni Aikaeli. Si ndivyo pasi inavyosema? Nani atakuamini hapa?"

Mpaka dakika ile Aikaeli alikuwa na mawazo mawili. Alipotoka nje alikuwa na moja. Jumatatu aliipeleka uhamiaji bahasha iliyokuwa tayari tangu mwezi wa pili: picha ya darasa lao yenye majina nyuma, barua ya mwalimu wa baiolojia, nakala ya kiapo chake, na kurasa tatu za maelezo.

Ilichukua mwaka na zaidi. Aikaeli naye aliitwa Croydon, kwenye jengo la uhamiaji, akahojiwa saa nne nzima kuhusu watu wawili wenye jina na tarehe moja ya kuzaliwa. Alijibu kila swali bila haraka, maana alikuwa amejiuliza yote kabla yao. Haika alisimamishwa kazi, kisha akafutwa kwenye orodha ya wauguzi, na suala la uraia wake likaingia mikononi mwa mawakili. Simu zilianza kutoka Moshi. Mama yake alilia, akamwambia amevunja ukoo. "Mimi nilipovunjwa mlikuwa wapi?" aliuliza, na tangu siku hiyo hakupokea simu ya kwao.

Lila alikuja kumtafuta kazini mara moja, akamsubiri kituo cha basi mbele ya geti. Alizungumza Kiingereza, bila kulia. Alisema mama yake hatoki tena chumbani, na kwamba yeye mwenyewe hajui amwite nani. Kisha akauliza kama sasa shangazi ameridhika.

"Mimi si shangazi yako. Ni mama yako mdogo," Elinaja alimjibu kwa Kiswahili. "Na ndiyo, nimeridhika."

Msichana alielewa. Basi lilipofika alipanda bila kuaga.

Elinaja alisimulia yote kwa Bibi Pushpa kesho yake, akitarajia kusifiwa. Bibi alimsikiliza hadi mwisho, akauliza yule mtoto ana miaka mingapi, kisha akaomba achanwe nywele. Elinaja alimchana. Jina lake alikuwa amelirudisha kisheria mwezi uliopita, na fomu ya chuo cha uuguzi ilikuwa kwenye begi lake, haijajazwa, kwa kuwa alishafika arobaini na mbili na miguu ilimuuma. Lakini angeulizwa kama angeituma tena bahasha ile, angeituma siku hiyo hiyo, kabla ya chai ya saa nne.