Ndugu wa Damu wa Baba Yangu

Majina nimeyaacha, maana watoto wao wako hai na hawana kosa. Lakini waliomuua baba yangu nawataja: mkungu aliyetawala kijiji, mwalimu wa dini, na ndugu yake mwenyewe wa damu.

Mdachi, yaani Mjerumani, alipigana na Mwingereza, na mpaka wao ulikuwa Mto Kagera. Sisi tulikaa ukingoni, upande wa Kyerwa. Askari wakachoma nyumba, wakatufukuza. Baba akatuleta Nyabiyonza kwa huyo ndugu yake wa damu, mtu waliyechanjana naye ujanani. Walikatana chale kitovuni, wakapasua buni ya kahawa, kila mmoja akameza nusu yenye damu ya mwenzake. Kwetu mtu wa namna hiyo hakufukuzi. Akikutupa, tumbo lake huvimba mpaka afe.

Alitupokea vizuri, nisimsingizie. Akatupa kibanda migombani. Lakini alikuwa akisoma dini, karibu abatizwe, na mwalimu alimwambia kiapo kile ni cha shetani, hakimfungi tena.

Mkungu akaja kukamata wapagazi wa vita, kila nyumba mtu mmoja. Mwenye nyumba alikuwa na kijana wake, mzima, mwenye nguvu.

Mkungu akamwuliza, "Huyu wa mtoni ni nani wako?"

"Mgeni tu."

Baba akacheka, akidhani mzaha. "Mgeni! Na kitovu hiki nilichanjwa na panya?"

"Hayo ya kale, bwana. Ndugu zangu sasa ni wa kanisani."

"Basi mtu wa Mwingereza huyu," mkungu akasema. "Twende, mpelelezi. Utabeba."

"Mimi Mnyambo kama wewe!"

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Alitazama migomba.

Baba alitiwa kamba shingoni. Hakurudi. Mpagazi mwenzake alituambia alikufa kwa kuhara, wakagawana mzigo wake, wakaendelea.

Mama hakulia mbele ya yule mwenyeji wetu. Alingoja tumbo lake livimbe. Kila asubuhi alikwenda kumsalimu, macho kiunoni pake.

"Umeamkaje, shemeji?"

"Salama, shemeji."

Mvua zikanyesha, kahawa ikaiva. Akabatizwa, akamwoza mwanawe. Tumbo likabaki lile lile.

Hapo mama akaniambia, "Mizimu iliyokuwa ikitulinda imekufa, au imehamia kwa hao wa kanisani. Nenda ukasome dini, binti yangu. Usiwe mtu asiye na wenyewe."

Nikasoma. Mdachi akaondoka, Mwingereza akaja, mkungu akabaki mkungu. Siku ya ubatizo wangu mwalimu akasema sina baba, lazima mtu mzima anisimamie. Akasimama yeye. Akaniwekea mkono begani. Nikaulizwa kama namkataa shetani na kazi zake zote. Nikajibu kwa sauti, namkataa, na mkono ule sikuuondoa.

Tangu hapo nilimwamkia, "Shikamoo, baba," kama kanisa lilivyotaka, mpaka akafa uzeeni, kitandani kwake, na wanawe wamemzunguka.